Jacob van Artevelde: Mfanyabiashara aliyeurudishia mji wa Ghent mkate wake, kisha akauawa nyumbani kwake

MWISHONI mwa mwaka 1337, vitanda vya kufumia nguo katika mji wa Ghent vilikuwa vimenyamaza. Mafundi walikuwapo na wanunuzi walikuwapo, lakini sufu haikuwapo. Wanawake waliozoea kusokota nyuzi milangoni walikaa mikono mitupu. Familia nyingi zilitoka mjini kwenda kuomba vijijini, na wengine wakavuka bahari kwenda Uingereza kutafuta kazi huko huko sufu ilikotoka.

Katika dhiki hiyo ndipo lilipoibuka jina la Jacob van Artevelde, mtu ambaye hakuwa mfalme, hakuwa askofu wala hakuwa mwanajeshi mwenye sifa. Kwa muda wa miaka saba na miezi kadhaa alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi ya Flanders, ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Ubelgiji.

Ili kumwelewa, ni lazima kwanza kuufahamu mji wake. Ghent umejengwa mahali mito miwili, Leie na Schelde, inapokutana. Wakati huo ulikuwa na watu wapatao 60,000, idadi ndogo kwa macho ya leo, lakini katika Ulaya ya kaskazini mwa milima ya Alps ni Paris pekee iliyouzidi. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kulishwa na mashamba ya jirani. Nafaka ililetwa kwa mashua kutoka kusini, na fedha ya kuinunulia ilitoka kwenye nguo.

Nguo za Ghent zilikuwa nzito, zenye rangi zilizokolea, na ziliuzwa mbali hadi Italia na Hispania. Lakini kila kipande kilipita mikono mingi. Sufu ilioshwa na kuchambuliwa, ikachanwa, ikasokotwa na wanawake, kisha ikaenda kwa wafumaji. Kitanda kimoja kikubwa kilihitaji wafumaji wawili walioketi bega kwa bega na kurushiana pisi. Baada ya hapo nguo ilipelekwa kwa wakanyagaji. Hawa waliingia ndani ya mapipa ya maji ya moto yaliyochanganywa na udongo maalumu, wakaikanyaga nguo kwa miguu kwa siku kadhaa mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Ilikuwa kazi chafu na ya kuchosha, na malipo yake yalikuwa madogo. Wapakaji rangi nao walitembea na kucha za bluu ambazo hazikutakata kwa sabuni yoyote, na matajiri walizitumia kucha hizo kuwa tusi.

Siku ya kazi iliongozwa na kengele ya mji: ya kuanza kazi, ya chakula na ya kufunga. Kengele kubwa kuliko zote, iliyopewa jina la Roeland, ililia pale tu palipokuwa na hatari, na ikilia kila mwanamume mwenye silaha alijua anatakiwa kufika uwanjani. Nguo iliyokamilika ilikaguliwa na wazee wa chama cha mafundi. Ikionekana ni nzuri, ilipigwa muhuri wa risasi. Ikionekana ni ya kughushi, mwenye nayo alitozwa faini.

Kwa miaka mingi mji huo ulitawaliwa na matajiri wachache tu. Katika karne ya 13 madaraka yalizunguka baina ya watu 39 wa koo kubwa, wakipokezana mwaka hadi mwaka kama wanaokabidhiana funguo za ghala la familia. Mwanzoni mwa karne ya 14 mfumo huo ulivunjika, yakaundwa mabaraza mawili yenye madiwani 13 kila moja, na vyama vya mafundi vikaanza kusikilizwa. Lakini kusikilizwa si sawa na kutawala, na wafumaji na wakanyagaji, ambao pamoja na familia zao walifanya sehemu kubwa ya mji, walijiona bado wako nje ya mlango.

Artevelde alizaliwa katika mji huo karibu na mwaka 1290, katika familia ya wafanyabiashara wenye uwezo waliojihusisha na biashara ya nguo. Kuna hadithi maarufu inayomwita mpika pombe ya asali, kinywaji ambacho wasomaji wengi wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa. Huenda aliwahi kuwa na uhusiano na chama cha wapika pombe, lakini jina hilo lilienezwa zaidi na waandishi wa makasri ya wafalme ambao walitaka kumdogosha. Kwa kweli alikuwa tajiri, mwenye nyumba nzuri na ardhi, na umri wake ulikaribia miaka 50 siasa zilipomchukua.

Chanzo cha yote kilikuwa ugomvi wa majirani wawili wakubwa. Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza na Mfalme Philip wa Sita wa Ufaransa walikuwa wanaelekea vitani, katika vita ambavyo baadaye viliitwa Vita vya Miaka Mia. Flanders ilikuwa katikati. Kwa sheria za wakati ule, mtawala wake, Louis wa Nevers, alikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa na alimwapia utii. Kwa tumbo, Flanders ilikuwa chini ya Uingereza, kwa sababu sufu bora ilitoka kwa kondoo wa huko.

Louis alichagua kiapo. Mwaka 1336, akimtii bwana wake wa Paris, aliamuru wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa Flanders wakamatwe. Edward akajibu kwa kuwakamata watu wa Flanders waliokuwa nchini mwake, kisha akapiga marufuku sufu kusafirishwa kwenda kwao. Gunia moja la sufu lilikuwa na uzito wa ratili 364, yaani karibu kilo 165, na maelfu kwa maelfu ya magunia hayo yalikuwa yakivuka bahari kila mwaka. Sasa halikuvuka hata moja. Zaidi ya hapo, Edward aliwaahidi ulinzi mafundi wa kigeni ambao wangehamia kwake kufuma nguo. Aliwanyima malighafi, na papo hapo akawaita mafundi wenyewe.

Louis alizidi kuharibu mambo. Alimtia mbaroni Zeger van Kortrijk, mzee wa heshima wa Ghent aliyekuwa amefanya mazungumzo na Waingereza, na baadaye, Machi 1338, akaamuru auawe.

Taarifa za zamani zinaeleza kuwa tarehe 28 Desemba 1337 watu wengi walikusanyika katika nyumba ya watawa ya Biloke kumsikiliza Artevelde. Aliyowaambia yalikuwa mepesi kueleweka. Bila Uingereza hakuna sufu, na bila sufu hakuna mkate. Hawakuhitaji kumpiga vita mfalme wa Ufaransa. Walihitaji kukaa nje ya ugomvi usiokuwa wao na kuzungumza na London wenyewe, kwa kuwa mtawala wao amekataa.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Januari 1338, mji ulichagua makapteni watano kutoka parokia zake. Artevelde alichaguliwa kwa parokia ya Mtakatifu Yohane, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya wenzake. Makapteni walikuwa na mamlaka ya dharura juu ya ulinzi wa mji, na walitumia mamlaka hayo haraka. Bruges na Ypres, miji mingine miwili mikubwa ya Flanders, ikaungana na Ghent.

Matunda yalionekana upesi. Katika mwaka huo huo wa 1338 Edward alikubali kuwauzia sufu kwa sharti la kutojiunga na adui yake, na Philip, ambaye hakutaka kuwasukuma zaidi upande wa Uingereza, naye akakubali kuwa Flanders isiegemee upande wowote. Wajumbe wa miji ya wafumaji walikuwa wamepata kutoka kwa wafalme wawili kile ambacho mtawala wao hakuthubutu hata kukiomba. Vitanda vikaanza kugonga tena. Louis alibaki na cheo kisicho na nchi, na aliishia kukimbilia Ufaransa.

Kazi ambayo huenda ni kubwa kuliko zote za Artevelde haina vita ndani yake, na kwa sababu hiyo hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi. Tarehe 3 Desemba 1339 ulitiwa saini mkataba kati ya Flanders na jirani yake wa mashariki, Brabant, nchi ya miji ya Brussels, Leuven na Antwerp. Mbali na wakuu wa nchi hizo mbili, waliouwekea mihuri ni mabwana wa mashamba na miji yenyewe.

Masharti yake yanashangaza kwa umri wake. Wafanyabiashara wa pande zote mbili waliruhusiwa kupita na kuuza bila vikwazo. Hakuna upande ambao ungeanza vita bila ridhaa ya mwenzake. Ugomvi ukitokea ungepelekwa kwenye baraza la pamoja badala ya kumalizwa kwa panga, na wawakilishi wangekutana mara tatu kwa mwaka, kwa zamu, Ghent, Brussels na Aalst. Palikuwa pia na sarafu moja ya fedha ya kutumika katika nchi zote mbili, iliyobeba majina ya Ghent na Leuven kwa pamoja. Sarafu hizo zipo hadi leo katika makumbusho. Mtu aliyetoka Bruges na nguo zake akaziuza Brussels hakulazimika kumtafuta mbadilisha fedha na kukatwa sehemu ya jasho lake.

Umoja huo ulikuwa umoja wa wakubwa, na hilo halipaswi kufichwa. Ghent, Bruges na Ypres ziliigawana Flanders katika maeneo matatu, kila mmoja ukitawala miji midogo ya upande wake. Ghent ilikuwa na hati iliyokataza kufuma nguo za biashara vijijini ndani ya maili tano kutoka mjini, na askari wa mji walitoka mara kwa mara kwenda kuvunja vitanda vya wanakijiji waliothubutu. Mwaka 1344 Ypres iliushambulia mji mdogo wa Poperinge kwa kosa la kuiga nguo zake. Watu waliodai haki ya kufanya biashara na mataifa hawakutaka jirani yao wa shambani afume blanketi akauze. Artevelde hakuukomesha mtindo huo. Nguvu zake zilitoka kwa wafumaji wa mjini, na wafumaji wa mjini ndio waliotaka vitanda vya shambani vivunjwe.

Hali ya kukaa pembeni haikudumu. Edward, ambaye mama yake alikuwa dada wa mfalme wa zamani wa Ufaransa, alidai kuwa kiti cha Paris ni chake. Watu wa Flanders walikuwa na kikwazo: katika mikataba ya zamani walikuwa wameapa kutompiga vita mfalme wa Ufaransa, na wakivunja kiapo wangetakiwa kulipa kanisa faini kubwa ajabu na kufungiwa ibada. Kufungiwa ibada halikuwa jambo dogo. Maana yake ni misa hakuna, na maiti kuzikwa bila sala.

Ufumbuzi uliopatikana, ambao Artevelde anahesabiwa kuwa miongoni mwa waliouandaa, ulikuwa wa kisheria na wenye ujanja. Edward ajitangaze mwenyewe kuwa mfalme wa Ufaransa. Hapo watu wa Flanders wakimfuata watakuwa wanamtii mfalme wa Ufaransa, si kumwasi. Mwezi Januari 1340, katika uwanja wa Soko la Ijumaa mjini Ghent, Edward alitangazwa mbele ya umati kuwa na taji zote mbili. Wafalme wa Uingereza waliendelea kutumia cheo hicho kwa zaidi ya miaka 400, na kilianzia sokoni.

Kwa malipo, Edward aliahidi mengi: fedha za vita pauni 140,000, soko maalumu la sufu liwekwe Bruges, na ardhi zilizotwaliwa na Ufaransa zirudishwe. Mkewe, Malkia Philippa, alikaa Ghent na mwezi Machi akajifungua huko mtoto wa kiume, John, ambaye Waingereza wanamjua kwa jina la mji huo, John of Gaunt, baba wa Mfalme Henry wa Nne. Mwaka huo huo Artevelde naye alipata mtoto wa kiume, akaitwa Philip kwa heshima ya malkia, ambaye alikuwa mama yake wa ubatizo. Familia ya mfanyabiashara na familia ya mfalme zilikuwa zimeshikana undugu wa kanisani.

Tarehe 24 Juni 1340 meli za Edward ziliiangamiza kabisa jeshi la majini la Ufaransa huko Sluis, kwenye mlango wa maji wa kuelekea Bruges. Baada ya hapo mambo yalikwama. Edward na watu wa Flanders waliuzingira mji wa Tournai bila kufanikiwa kuuteka, na mwezi Septemba wakakubali kusimamisha vita. Fedha zilizoahidiwa hazikuja. Edward alikuwa na madeni kila kona, kiasi kwamba mwezi Novemba aliondoka Ghent kimyakimya kuwakimbia waliokuwa wakimdai, akatokea London usiku wa manane wa tarehe 30 bila kumpa mtu yeyote taarifa. Mji uliomtawaza ukabaki na deni, na Artevelde akabaki na maswali ya kujibu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuchosha. Uchaguzi wa dharura uliokusudiwa kuuvusha mji katika njaa ulikuwa umegeuka utawala wa kudumu. Artevelde alitembea na walinzi wenye silaha. Mwaka 1343 tajiri mmoja, Jan van Steenbeke, alimshutumu waziwazi kuwa anajifanya mtawala wa peke yake. Mji uligawanyika, wanaume wakashika silaha, na mwishowe Steenbeke ndiye aliyefukuzwa. Mwandishi Jean Froissart alimchora Artevelde kama dikteta ambaye kwa jicho moja tu alimfanya mtu auawe barabarani. Froissart alikuwa mtoto mdogo Artevelde alipokufa, na aliandika kwa kuwafurahisha mabwana ambao waliogopa kuona mafundi wakishika madaraka, kwa hiyo maneno yake yapimwe. Lakini si yote ya kutupwa. Mji ambao mpinzani hawezi kusema bila watu kushika mapanga haukuwa mji wenye amani.

Pigo kubwa zaidi lilitoka ndani, kwenye mishahara. Wafumaji wengi wakubwa ndio waliokuwa wamiliki wa nguo na ndio waliowalipa wakanyagaji. Bei za vyakula zilipopanda, wakanyagaji walidai nyongeza. Wafumaji walikataa. Vyama viwili ambavyo kwa pamoja vilimwinua Artevelde sasa vilitazamana kama mwajiri na kibarua.

Jumatatu ya tarehe 2 Mei 1345 walikutana na silaha katika Soko la Ijumaa, wafumaji wakiongozwa na Geraard Denijs, wakanyagaji wakiongozwa na Jan Bake. Taarifa zinasimulia kuwa hata padri aliyetoka na sakramenti mikononi kuwasihi waache hakusikilizwa. Wakanyagaji walishindwa, Bake akauawa, na mamia ya watu walibaki chini katika uwanja ule ule ambako miaka mitano kabla Edward alishangiliwa. Siku hiyo iliitwa Jumatatu Mbaya. Artevelde hakuizuia. Tangu hapo wakanyagaji walimwona msaliti, na wafumaji, walioshinda bila kumhitaji, waliona hawana tena sababu ya kumsikiliza. Denijs alikuwa ameonja nguvu.

Mwezi Julai Edward alifika na meli zake Sluis, na Artevelde akaenda kuzungumza naye huko huko melini. Wakati yuko safarini uvumi ulienea Ghent. Ilisemwa kuwa anataka kuitoa Flanders kwa mwana wa mfalme wa Uingereza, yule ambaye baadaye alijulikana kama Mwanamfalme Mweusi, ili nyumba ya Louis iondolewe kabisa. Ilisemwa pia kuwa ametorosha hazina ya nchi kwenda London. Hilo la pili halijawahi kuthibitishwa. La kwanza bado linabishaniwa, lakini hata mtu aliyemchukia Louis aliweza kuona tofauti kati ya kununua sufu kwa Mwingereza na kumfanya Mwingereza kuwa mtawala.

Aliporudi, watu ambao zamani walivua kofia alipopita waligeuza nyuso. Jioni hiyo umati ulizingira nyumba yake. Inasimuliwa kuwa alisimama dirishani akajaribu kuwaeleza, akaahidi kutoa hesabu kamili kesho yake, lakini kelele zilimzidi. Alipotaka kutokea mlango wa nyuma alinaswa na kuuawa. Baadhi ya masimulizi yanamtaja Denijs mwenyewe kuwa ndiye aliyepiga pigo la mwisho. Kabla ya mwezi huo kwisha Edward alikuwa amerudi Uingereza bila mshirika wake.

Muungano na Uingereza haukufa naye. Miji ilituma wajumbe kueleza kuwa ugomvi ulikuwa na mtu, si na biashara, na sufu iliendelea kuingia. Louis wa Nevers hakufaidi kifo cha adui wake: tarehe 26 Agosti 1346 aliuawa katika vita vya Crécy akipigana upande wa Ufaransa, kwa uaminifu ule ule uliomgharimu nchi yake. Wafumaji walitawala Ghent kwa muda mfupi. Januari 1349 wakanyagaji na vyama vingine, safari hii wakiwa pamoja na mtawala mpya, waliwachinja kwa wingi katika uwanja ule ule.

Familia ya Artevelde ilikimbia, na baadhi yao waliishi Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kurejea. Mtoto yule aliyebatizwa na malkia alikaa mbali na siasa hadi alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1382, mji ukiwa tena na njaa na umezingirwa, Ghent ulimfuata Philip van Artevelde kwa sababu ya jina la baba yake na kumpa ukapteni. Mwezi Mei aliishinda Bruges. Tarehe 27 Novemba mwaka huo huo majeshi ya Ufaransa yalimshinda huko Westrozebeke, na mwili wake ukaokotwa katikati ya maiti nyingine.

Ubelgiji ilipopata uhuru wake mwaka 1830 ilihitaji mashujaa wa zamani, na mtu aliyeuawa na mji wake alirudishwa kuwa fahari ya mji. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1863 na Mfalme Leopold wa Kwanza, baba wa yule Leopold wa Pili ambaye jina lake linajulikana kwa uchungu nchini Kongo. Imesimama katikati ya Soko la Ijumaa, mkono mmoja umenyoshwa, na wenyeji husema unaelekezwa Uingereza, kwenye sufu. Kila Ijumaa asubuhi wafanyabiashara bado wanapanga meza zao chini yake.